Anayenizuia kubomoa nyumba yangu anisaidie kuisimamisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotusumbua sisi wenye nyumba za zamani katikati ya Jiji la Mwanza: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba nyumba ya mtu isibomolewe, isibadilishwe wala isiguswe kwa sababu ni urithi wa mji, na ni nani atakayelipia kauli hiyo. Ninaandika kama mwenye nyumba na mwalimu mstaafu, si kama mtaalamu wa majengo. Nieleze mapema kwamba siipingi hifadhi. Nimekulia ndani ya kuta hizi, wazazi wangu wote wawili walitoka humu kwenda makaburini, na sitaki kuziona zikiangushwa ili pasimame jengo la vioo. Ninachokipinga ni hifadhi ya mdomo, ile inayokuja na marufuku bila karatasi na sifa bila msaada, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hifadhi ya namna hiyo inaziua nyumba hizi kwa uhakika uleule wa tingatinga.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja. Chini kuna fremu mbili za maduka, juu ni makazi, na mbele kuna roshani ya mbao za mvule inayotazama barabara. Juu ya roshani, pale ukuta unapoinuka kulificha bati, mwaka 1934 umeandikwa kwa lipu iliyochomoza, kila tarakimu ikiwa na ukubwa wa sahani. Aliyeijenga alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, mnunuzi wa pamba, miaka sita baada ya reli ya kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, na mapande mawili ya reli yamelazwa kama boriti chini ya sakafu ya juu. Ukisimama katika duka la kushoto na kuinua macho utayaona, yamepakwa rangi ya kijani. Baba yangu, aliyekuwa karani katika ushirika wa pamba, aliinunua mwaka 1973 kwa akiba yake na kwa mkopo wa ndugu. Wakati huo majengo mengi ya jirani yalikuwa yameshatwaliwa na Serikali kwa Sheria ya Kutwaa Majengo ya 1971, iliyoyalenga majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba na hatimaye, mwaka 1990, chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Yetu ilisalimika kwa kuwa mwenye nyumba wa wakati ule alikuwa akiishi humo. Ninalitaja hili kwa sababu lina uzito hadi leo. Serikali inapoamua kulitunza jengo lililo mikononi mwa shirika lake, inazungumza na nafsi yake. Inapoamua kuitunza nyumba ya mjane au ya watoto wa karani, inaingiza mkono katika mfuko wa mtu mmoja.

Miaka mitatu iliyopita kikundi cha wapenzi wa majengo ya kale kilianza kupita katika mtaa wetu. Ni vijana wenye adabu, wengine wasanifu majengo, wengine wapiga picha, wengine wanafunzi tu. Walibisha hodi, wakaamkia, wakanywa chai, wakapima roshani kwa tepu na kuchora kila kona. Walinifundisha mambo ambayo sikuyajua kwa miaka hamsini ya kukaa humu, kwa mfano kwamba yale matundu madogo chini ya paa, ambayo marehemu mama aliyaziba kwa matambara ili popo wasiingie, yaliwekwa makusudi ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Tuliyazibua, tukaweka wavu, na chumba cha juu kikawa na ubaridi ambao feni haikuwahi kutupa. Kwa hilo ninawashukuru hadharani.

Siku nyingine walirudi na karatasi ya kutia saini. Ilinitaka niahidi kwamba sitabadilisha madirisha ya mbao yenye luva, sitaondoa roshani, sitapaka rangi ambayo wao hawajaikubali na sitapanua fremu za chini. Nilimuuliza kiongozi wao, ambaye ni umri wa mwanangu wa mwisho, mimi nitapata nini katika ahadi hiyo. Akanijibu kwa upole, "Mama, nyumba hii si yako peke yako, ni ya watu wote wa Mwanza." Nikamwambia, "Mwanangu, kama ni ya wote, mbona fundi namlipa peke yangu?" Hakuwa na jibu, na kwa heshima yake hakulazimisha. Lakini karatasi haikusainiwa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikihesabiwa na baadhi ya watu kuwa miongoni mwa wanaotaka kuumaliza mji.

Mambo yalikuwa magumu zaidi nilipotaka kutengeneza. Mchwa walikuwa wamekula mbao tatu za sakafu ya roshani na nguzo moja ya pembeni. Nilikwenda katika ofisi moja ya umma kuomba kibali cha ukarabati, nikaambiwa kwa mdomo kwamba nyumba hiyo imo katika majengo ya kihistoria na haiguswi. Niliomba nionyeshwe orodha, nikajibiwa kwamba orodha inaandaliwa. Niliomba barua ya kunikatalia, nayo sikuipata. Miezi miwili baadaye watumishi wa ofisi nyingine walifika na kopo la rangi nyekundu, wakaandika alama ya X kwenye nguzo ya mbele na maneno "jengo hatarishi", wakinitaka nitengeneze au nibomoe ndani ya siku 30. Nilikwenda ofisi ya kwanza nikiwa na picha ya ile X. Wakanielekeza ofisi ya pili. Ofisi ya pili wakanirudisha ya kwanza. Wakati huo mpangaji wa duka la kulia, kijana aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki na kulipa kodi bila kusumbua, aliiona ile X akahama, kwa kuwa hakuna mteja anayependa kusimama chini ya roshani iliyoandikwa hatari. Kodi ya duka lile ndiyo niliyokuwa nimeitegea kumlipa seremala.

Nilianza kusoma mwenyewe, maana nilitaka kujua ninazuiwa na sheria ipi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo ndiyo mama wa hifadhi katika Tanzania Bara, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa tuhesabu. Mwanza kama mji wa kiserikali ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892. Maana yake ni kwamba katika mitaa yetu yote ya katikati ya jiji, kuanzia nyumba za Wajerumani hadi maghorofa ya wafanyabiashara wa Kihindi, hakuna jengo linalolindwa kwa umri wake tu. Ili lilindwe ni lazima Waziri alitangaze, na tangazo lichapishwe katika Gazeti la Serikali, ambapo mwenye nyumba anaweza kulisoma, kulielewa na kulijibu. Jambo lililonishangaza ni kwamba sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa mbao wa nakshi uliochongwa barani Afrika kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo mlango wangu wa mbele, wenye maua na minyororo iliyochongwa kwenye fremu yake, una ulinzi wa sheria, lakini ukuta ulioushika mlango huo hauna. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inazipa halmashauri, zikiwa mamlaka za upangaji, uwezo wa kudhibiti uendelezaji, na kwa njia hiyo kibali cha mtu kinaweza kuzuiwa au kuwekewa masharti. Sina ugomvi na mamlaka hayo. Ninachosema ni kwamba masharti yasiyoandikwa si masharti, ni hisia za aliyekaa mezani siku hiyo, na siku akihamishwa kituo huja mwingine na hisia zake.

Wako watakaosema kwamba bora marufuku ya mdomo kuliko kukosa marufuku kabisa. Hao ninawaomba waje wasimame nami mbele ya kiwanja kilicho nyumba ya tatu kutoka kwangu. Palikuwa na ghorofa nzuri kuliko yangu, yenye matao matano chini na ubao wa nakshi ulioning'inia chini ya paa kama ushanga. Warithi walikuwa saba, wanaishi mikoa mitano tofauti, na walitaka kuuza wagawane. Mnunuzi alitaka kubomoa. Maneno yakaenda, barua zikaandikwa, mnunuzi akaambiwa asubiri, na hakuna aliyekwenda kwa warithi kuwaambia kwamba ipo njia nyingine ya kupata chochote katika mali yao. Usiku mmoja bati ziliezuliwa zote. Kuta zile zilijengwa kwa mawe yaliyoshikanishwa kwa udongo, na udongo ukinyeshewa hurudi kuwa tope. Misimu miwili ya mvua ilitosha. Ukuta wa mbele ulianguka asubuhi ya Jumapili, juu ya mahali ambapo siku za kazi mama lishe huweka meza zake, na ni Mungu tu aliyetuepusha na msiba. Baada ya hapo hapakuwa na cha kuhifadhi tena, kwa hiyo hapakuwa na wa kuzuia. Leo kiwanja kimezungushiwa bati, zile zile zilizoezuliwa. Siwatetei walioezua. Lakini ninaielewa hesabu yao: nyumba ikisimama wanapata lawama na gharama, ikianguka wanapata kiwanja. Kanuni yoyote inayomfanya mrithi aombee mvua haiwezi kuitwa hifadhi.

Wala tusidhani kwamba cheo peke yake hulisimamisha jengo. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi na uendelezaji tangu 1985, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Pamoja na hayo yote, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajab, jumba la mwaka 1883 ambalo kila mtoto wa shule analijua kwa picha, iliporomoka, tena wakati mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakapoteza maisha. Kama jumba la Serikali lenye macho ya dunia nzima juu yake linaweza kufika hapo, itakuwaje nyumba ya mstaafu?

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaozungumzia hifadhi hawajawahi kununua mfuko wa chokaa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba aliupiga upya lipu ukuta wa nyuma, ule unaopokea upepo wa ziwani, na kama kila mtu wa wakati ule alitumia saruji, akiamini kwamba anaiimarisha nyumba. Haikupita miaka mingi lipu ikaanza kuvimba. Unyevu uliokuwa ukipanda kutoka ardhini na kuondoka polepole kupitia chokaa ya zamani sasa ulikuwa umefungiwa ndani, ukaota chumvi nyeupe, ukalainisha udongo ulioshika mawe. Mwaka jana nilimpata fundi mmoja mzee, mwenyeji wa Magu, ambaye alijifunza kazi kwa Wahindi akiwa kijana. Aligonga ukuta ule kwa mpini wa nyundo kutoka chini hadi mikono yake ilipofika, akiwa ameinamisha sikio, na kila mahali palipolia kama mtungi mtupu alichora duara kwa mkaa. Alipomaliza, ukuta ulikuwa na maduara zaidi ya thelathini. Kisha akaingiza patasi katika duara moja, na kipande cha saruji chenye upana wa meza kikabanduka kizima, kikiwa kimeng'ang'ania uso wa jiwe na udongo nyuma yake. Akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, ukuta huu hauumwi uzee. Unaumwa dawa."

Dawa sahihi ni chokaa, izimwe kwa maji, iachwe kwenye pipa ilainike, ichanganywe na mchanga uliochekechwa na kupigwa tabaka moja moja, kila moja likifunikwa magunia yenye unyevu ili likauke polepole. Ni kazi ya wiki, si ya siku. Chokaa nzuri inatoka mbali, mafundi wanaoijua wanahesabika na wengi wamezeeka, na gharama ya kazi ni kubwa kuliko kupiga saruji na kupaka rangi. Mbao za mvule nazo zimekuwa adimu na bei yake haisemeki. Anayeniambia nitumie vitu hivi ananiambia ukweli. Ila ni ukweli wenye bei, na mpaka leo bei hiyo naambiwa niilipe mimi, niliye na pensheni na fremu moja iliyobaki na mpangaji.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelihangaikia jambo hili muda mrefu, na hatuna haja ya kuanza pasipo kitu. Mji wa Charleston nchini Marekani uliweka eneo la kihistoria lenye kanuni zake tangu 1931. Jiji la New York lilitunga sheria yake mwaka 1965, baada ya kuupoteza ukumbi mkubwa wa stesheni ya reli ya Pennsylvania, ulioanza kubomolewa mwaka 1963. Kule pia wenye nyumba hulalamika, hupelekana mahakamani na hugombana na vikundi vya mitaa kuhusu fremu za madirisha na rangi za milango. Lakini sheria ya New York inataka mwenye jengo asikilizwe mbele ya umma kabla jengo lake halijatangazwa, na inampa mlango wa kuomba nafuu akithibitisha kwamba jengo haliwezi kumpa pato halisi la asilimia 6 ya thamani yake kwa mwaka. Serikali kuu ya Marekani nayo humpunguzia kodi ya mapato mwenye jengo la kihistoria la biashara au la kupangisha, kwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati uliofuata kanuni. Mwenye nyumba anayeishi tu ndani yake haipati nafuu hiyo, kwa hiyo hata huko si kila kitu kimenyooka. Sisemi tuchukue asilimia zao. Nasema kwamba wao waliketi wakakubali kuwa urithi wa wote ukikaa ndani ya mali ya mmoja, lazima pawe na hesabu kati ya wote na huyo mmoja.

Kwa hiyo ninaziomba mamlaka za jiji letu, na ninakiomba kikundi cha wale vijana kishirikiane nasi badala ya kutuchunga, kwanza kabisa itolewe orodha. Orodha iliyoandikwa, yenye namba ya kiwanja, na kwa kila jengo yaelezwe mambo mahususi yanayolindwa. Kwa nyumba yangu, kwa mfano, iandikwe roshani, mlango wa nakshi, ukuta wa mbele pamoja na ule mwaka 1934. Isiandikwe "nyumba yote", kwa sababu jiko la nyuma lilijengwa kwa matofali ya saruji mwaka 1988 na hakuna mgeni atakayevuka ziwa kuja kulitazama. Mwenye nyumba akijua kilicho marufuku, anajua pia kilicho huru, na hapo anaweza kupanga, kukopa na kumtafuta mpangaji. Rasimu ya orodha hiyo ibandikwe katika ofisi za serikali za mitaa ili kila anayehusika apate kusema lake. Ombi la ukarabati lipewe muda wa kujibiwa, na jibu liwe la maandishi. Ofisi inayopaka X isipake kabla haijazungumza na ofisi inayokataza kugusa.

Kuhusu gharama, sidai kujengewa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo tunakatwa tukinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, na ya ghorofa ni kubwa kuliko ya nyumba ya kawaida. Nyumba iliyotangazwa kulindwa ingesamehewa kodi hiyo, kiasi hicho kisingejenga ukuta, lakini kingekuwa alama ya kwanza kwamba jiji limeshika upande wake wa mzigo. Ada ya kibali cha ukarabati wa nyumba hizo iondolewe. Na vijana wetu wa vyuo vya ufundi wapelekwe kwa wale mafundi wachache wa chokaa na seremala wa luva waliobaki, wajifunze kwenye kuta zetu. Sisi wenye nyumba tutatoa ukuta, maji na chakula cha mchana, na nina hakika kwamba siko peke yangu katika ahadi hii.

Jambo moja zaidi kwa wale vijana, kwa kuwa ninawajali. Wanapotembea na kamera zao wasiishie kwenye matao ya wafanyabiashara na nyumba za wakoloni. Kirumba bado zipo nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma, ambamo makarani, mabaharia wa meli na wavuvi walilea watoto wa mji huu. Nazo zinaondoka moja baada ya nyingine, na sijaona aliyebisha hodi huko.

Nimemwambia fundi aendelee na ukuta wa nyuma, kwa kuwa hauonekani barabarani na hakuna aliyeniandikia kuukataza. Saruji yote imebanduliwa, mawe yako wazi, na mapipa mawili ya chokaa yamekaa uani yakilainika. Roshani bado imefungwa kwa kamba na ile X iko palepale. Mvua za vuli zinakaribia, na mbao nne za mvule nimeshaziagiza. Ninachosubiri ni karatasi yenye muhuri, itakayoniambia ndiyo au hapana.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye nyumba, Mwanza mjini